Orodha Iliyokuwa na Jina la Mke Wangu

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila mara matokeo ya mitihani yanapotangazwa, nitake nisitake. Nimezeeka, na mengi yamenitoka kichwani, lakini hiyo haitoki.

Mwanangu, nimesikia kwamba umeisoma orodha ile ya matokeo kutoka juu hadi chini, kisha ukairudia kutoka chini hadi juu, na jina lako hukuliona. Nimesikia pia kwamba mwenzako mliyesoma naye ameitwa kazini. Sitakuambia usilie. Lia, macho ni yako. Ila kabla hujafungua mdomo useme neno lolote juu ya huyo mwenzako, nipe masikio yako kidogo. Nimechoka, na sisemi haraka siku hizi, basi nivumilie.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Tulikaa mtaa wa Jericho, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye vyumba viwili. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika wizara moja pale mjini. Masjala, kama hujui, ndiko mafaili ya ofisi yanakofunguliwa, yanakotunzwa, na yanakozikwa. Mchana kutwa nilipanda na kushuka ngazi ya mbao nikitafuta faili la huyu na la yule, na jioni nilirudi nyumbani na vumbi la karatasi puani. Mke wangu, Rasoa, alikuwa mpiga chapa katika wizara nyingine, ng'ambo ya barabara. Sote wawili tulitoka Bunyore. Tulikuwa na mtoto mmoja, Ayuma, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Asubuhi tulimwacha kwa jirani yetu, Mama Wanjiru, kisha tukaifuata Jogoo Road kwa miguu, mimi mbele na Rasoa nyuma yangu hatua mbili. Ndivyo tulivyotembea wakati huo. Sasa naona haya hata kulisema.

Karani wa serikali hakupanda cheo kwa kuzeekea kazini tu. Ilibidi afanye mtihani. Kulikuwa na karatasi ya taratibu za ofisi, ya kanuni za utumishi, ya kanuni za fedha, na nyingine ya kuandika muhtasari wa barua ndefu kwa Kiingereza. Watu waliofanya walijaa ukumbi, nafasi zenyewe zikawa za kuhesabu kwa vidole. Waliofaulu waliandikwa kwenye waraka mmoja uliopelekwa wizara zote. Aliyeanguka hakuandikwa popote. Hakuna barua iliyokuja kumwambia pole. Alijua ameanguka kwa kutojiona.

Mimi nilikuwa nimeshaanguka mara mbili. Mara ya kwanza watu walinicheka na nikacheka nao. Mara ya pili hawakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Mara ya tatu niliapa kwamba nitapita hata kama ni kufa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Niliamka alfajiri kabla ya jogoo wa Mama Wanjiru. Jumamosi mchana, wenzangu wakienda kutazama mpira, mimi nilikwenda kwenye ukumbi wa mtaa kusoma na makarani kutoka mitaa ya Mbotela na Kaloleni. Tulibishana juu ya kanuni za likizo na za usafiri kama watu wanaobishana juu ya Maandiko.

Tatizo letu lilikuwa kitabu. Kitabu cha kanuni kilikuwa kimoja kwa ofisi nzima, kimefungiwa kabatini kwa mkubwa. Hapo ndipo Rasoa aliponifanyia jambo ambalo sikulipima uzito wake. Alimwomba mkubwa wake ruhusa, naye akamwazima kitabu cha ofisi yao na kumruhusu kutumia mashine ya chapa saa ya chakula. Siku baada ya siku, wenzake wakila, yeye alipiga chapa kitabu kile ukurasa kwa ukurasa. Ilimchukua miezi. Alipomaliza alizitoboa karatasi, akazifunga kwa uzi wa kushonea, akaniletea. "Sasa una chako," akasema.

Akawa pia ndiye anayeniuliza maswali. Anapiga pasi, ananiuliza. Anamnyonyesha Ayuma, ananiuliza. "Baba Ayuma, mtumishi akiugua akiwa likizoni anafanyaje?" Nikikosea alinisahihisha bila kutazama karatasi. Mimi nilidhani ananisaidia tu. Sikufikiri kwamba kitabu kilichopita kwenye vidole vya mtu, herufi kwa herufi, hakiwezi kukosa kuingia kichwani mwake.

Ndipo ofisini kwao kukatangazwa kwamba wapiga chapa waliomaliza kidato cha nne nao wanaweza kuufanya mtihani. Aliniambia tukiwa njiani, nyuma yangu hatua mbili. Nilicheka. "Haya," nikamwambia, "njoo unisindikize."

Akanisindikiza. Tuliketi katika ukumbi mmoja, yeye safu za nyuma, mimi mbele. Tulipotoka nilisema yote niliyoyaandika, naye akasikiliza na kuitikia, "Vizuri." Hakusema aliyoyaandika yeye, na mimi sikumwuliza.

Tulingoja karibu miezi minne. Mwanangu, unajua kungoja. Mtu hula bila kuonja. Kila mlango ukifunguliwa moyo unaruka.

Waraka uliletwa masjala siku ya Jumanne, kabla ya saa nne. Aliyeuleta ni Mzee Mutiso, tarishi wetu, mtu mwembamba wa Machakos aliyebeba barua kati ya wizara tangu enzi za Mzungu. Njoroge, karani mwenzangu na rafiki yangu, aliupokea akapanda juu ya ngazi ile ya mbao ili sote tumsikie. Akaanza kusoma. Majina yalifuata herufi. Herufi yangu ilifika, ikapita. Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, akaendelea, halafu akasimama.

"Wee Nathan," akasema, "si huyu ni bibi yako?"

Akasoma jina la Rasoa lote, pamoja na wizara yake. Makarani kumi na moja walinigeukia. Ningeweza kusema, "Ndiye, na Mungu asifiwe." Ningeweza kukaa kimya tu, maana hakuna aliyewahi kuaibika kwa kunyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa. Nilitabasamu nikasema, "Bibi yangu ana mkubwa anayeipenda sana kazi yake. Mitihani mingine husahihishwa kabla haijafanywa."

Walicheka, mwanangu. Walicheka hadi mmoja akaangusha mafaili. Nami nilicheka nao, na kwa muda mfupi nilijihisi mtu tena. Mzee Mutiso alikuwa bado mlangoni na mfuko wake begani. Yeye hakucheka. Aliondoka.

Jioni nilimkuta Rasoa anapika mchicha kama siku yoyote nyingine. Alikuwa ameshapata habari, lakini hakuwa amenunua nyama, hakuwa ameita jirani, hakuwa anaimba. Aliificha furaha yake kwa ajili yangu, kama mtu anavyoficha chakula mbele ya mgonjwa asiyeruhusiwa kula. "Baba Ayuma," akasema, "mwaka ujao ni wako."

"Hongera," nikamjibu, na neno lenyewe lilinitoka kama mbegu ya chungwa.

Hazikupita wiki mbili. Mzaha wangu ulitoka masjala, ukashuka ngazi, ukavuka barabara. Ulipofika ng'ambo haukuwa mzaha tena. Ulikuwa habari: kwamba mpiga chapa fulani alionyeshwa karatasi za mtihani na mkubwa wake, na malipo yake kila mtu anayajua. Wengine walikumbuka kwamba kwa miezi mingi alibaki ofisini saa ya chakula. Basi wakaunganisha uzi na sindano. Cheo chake kikazuiwa. Akaambiwa ajitayarishe kuitwa mbele ya maofisa watatu.

Alifika nyumbani siku hiyo akaketi na koti mwilini. "Kuna mtu amesema," akaniambia. "Kuna mtu amekaa chini akanitungia neno. Nani anaweza kunichukia hivi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nilikwenda nikamchemshia chai, nikamwekea sukari anavyopenda, nikamwambia, "Maofisini kuna wivu, Mama Ayuma. Kunywa."

Siku nyingi nilimchemshia chai. Nilimbeba Ayuma. Nilifua hata soksi zangu mwenyewe. Mama Wanjiru akamwambia Rasoa kwamba amebahatika kupata mume. Na yeye akawa anatafuta adui. Aliwapima wenzake mmoja mmoja, mpaka akamfikia Felista, mpiga chapa aliyeketi naye meza moja, waliyekuwa wakiazimana naye hata viatu. Alikumbuka kwamba Felista naye alifanya mtihani ule na jina lake halikuwamo. Akaona amepata. Siku moja akamwita nyoka, mbele ya ofisi nzima. Alinisimulia jioni, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Mzee Mutiso alinikuta saa ya chakula nimekaa peke yangu kwenye ngazi za nyuma za jengo. Sikuwa na hamu ya kula. Aliushusha mfuko wake, akaketi ngazi moja chini yangu, ingawa mimi ndiye mdogo.

"Kijana," akasema, "mimi sijafanya mtihani wowote. Kusoma kwenyewe nilijifunzia kwenye bahasha. Lakini kubeba nimebeba. Juzi nimepeleka barua ng'ambo, nikakuta neno lako limeshafika kabla yangu. Nimemsikia yule mama analia chooni, na mwenzake nimemkuta analia kwenye korido. Wote wawili wanalia kwa sababu yako, na hakuna anayejua."

Nilianza kusema kwamba ulikuwa mzaha. Aliinua mkono.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtihani ulikuangusha, sawa, hilo ni jambo la karatasi. Mwaka ujao wataleta karatasi nyingine. Lakini huyo mama alikuandikia kitabu kizima saa ya chakula. Nilikuwa nikimwona kila siku nikipita. Nilimwuliza, 'Mama, huli?' Akaniambia, 'Mume wangu akipita, tutakula.'"

Akanyanyuka, akabeba mfuko wake. "Mimi sitasema. Kazi yangu ni kupeleka barua, si kufungua. Utafungua mwenyewe."

Ungedhani nilikwenda siku ileile. Sikwenda. Woga wa mtu mzima ni mzito kuliko wa mtoto, kwa sababu una maneno mengi ya kujitetea. Nilikaa siku nne nikisema kesho. Jumamosi nilimkuta Rasoa nyuma ya nyumba anafua. Nilisimama mbele yake mikono ikiwa haina pa kwenda.

"Mama Ayuma, lile neno ni langu."

"Neno gani?"

"Lile."

Alikuwa amekamata kigauni cha Ayuma. Aliendelea kukikamua mpaka hakikuwa na tone. Hakupiga kelele. Ningetamani angepiga.

"Ulikuwa unanichemshia chai," akasema. "Siku zote hizi unanichemshia chai, na unajua."

Nilipiga magoti pale kwenye maji ya sabuni nikaanza kuomba msamaha. Alinizuia.

"Usianze na mimi. Felista nimemwita nyoka mbele ya watu. Nenda kwanza ukaseme pale uliposemea. Sema kwa sauti ileile."

Jumatatu nilisimama katikati ya masjala nikasema. Njoroge alinivuta shati. "Achana na hayo, ndugu yangu. Si tulikuwa tunacheka tu?" Nikamwambia hapana, nimemlaza mke wangu matopeni kwa sababu jina langu halikuwamo. Hakuna aliyecheka. Kisha niliandika barua, nikaipeleka kwa mkubwa wangu, na nakala nikampa Mzee Mutiso aivushe ng'ambo. Aliipokea kama barua nyingine yoyote, akaniwekea daftari nitie sahihi.

Rasoa aliitwa mbele ya wale watatu siku mbili baadaye. Barua yangu ilikuwa mezani, lakini walimhoji hata hivyo. Alinisimulia baada ya miaka mingi. Aliwaambia wafungue kitabu cha kanuni ukurasa wowote wautakao, wamwulize. Walimwuliza habari za masurufu ya safari, za likizo, za nidhamu. Kwa muda wa saa nzima alijibu bila kukwama, mpaka mmoja wao akakifunga kitabu akasema, "Mama, inatosha." Wakamsafisha jina. Lakini nafasi aliyokuwa apewe ilikuwa imeshajazwa. Alingoja nyingine zaidi ya mwaka, akiendelea kupiga chapa barua za watu waliofaulu pamoja naye.

Mimi nilipewa barua ya onyo, na nikakatazwa kufanya mtihani kwa miaka miwili. Na kwa kuwa nilikuwa karani wa masjala, barua ile ililetwa kwangu ihifadhiwe. Nililitafuta faili langu, nikaitoboa, nikaifunga ndani, nikalirudisha rafuni kwa mkono wangu mwenyewe.

Rasoa alimwomba Felista msamaha, naye akampa. Walisalimiana hadi walipohamishwa, kila mmoja kwake. Lakini meza waligawana, viatu hawakuazimana tena. Hilo nalo ni langu, nalibeba.

Rasoa hakuniacha. Alipanda cheo, akapanda tena, akaheshimika. Katazo langu lilipokwisha, aliniletea karatasi zake zilizofungwa kwa uzi, akaziweka mezani, akaenda zake jikoni. Nilisoma peke yangu. Nilianguka mara ya nne. Mara ya tano nilifaulu, Mzee Mutiso akiwa ameshastaafu na kurudi kwao. Njoroge alisoma jina langu na watu wakanipigia makofi. Nilikaa chini nikajiona kama mtu aliyebeba gunia hadi sokoni akakuta watu wanafagia.

Tulipostaafu tukahamia hapa Komarock, nilimwuliza siku moja kama alinisamehe. Alikuwa anachambua maharagwe. Alifikiri kidogo. "Nilikusamehe mwaka uleule," akasema. "Kilichonichukua muda ni kukuamini ukinyamaza."

Basi mwanangu, ninachokuambia si kingi. Usome kwa bidii, na ukipata wa kusoma naye mshukuru, maana anayekuuliza maswali anakubeba. Mtihani ni mlango mwembamba. Watu wazuri wengi hubaki nje, na kubaki nje hakukufanyi mbaya. Kuteleza si kuanguka. Lakini orodha ikitoka bila jina lako, siku hiyo ufunge mdomo wako kama unavyofunga mlango mvua ikinyesha. Uchungu una haraka ya kutafuta wa kuumizwa, na aliye karibu ndiye anayepatikana kwanza. Nenda kwa mwenzako ukamwambie hongera. Isipotoka vizuri, itoe hivyohivyo, mradi iwe hongera. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na kama umeshasema neno baya, usilifunike kwa wema. Lirudie ulikolisemea, ulisafishe mbele ya wale wale waliolisikia, na usingoje siku nne.

Mungu wa baba zako akuangalie, mwanangu. Akupe usingizi leo na nguvu ya kuamka kesho. Akufungulie mlango ulio wako kwa wakati wake, na ukifunguka, awepo pembeni yako mtu wa kufurahi nawe kwa moyo mweupe. Na ukimfungukia mwenzako kwanza, akupe moyo wa kumpigia makofi. Nenda salama.